Hotirodi yangu ni nzuri kwa macho, lakini inapinduka kila kona. Nianzie wapi?

“Habari za kazi, fundi. Naishi Ujerumani. Mimi na kijana wangu tuna njia ya plastiki ya magari ya mfuo hapa nyumbani, yaani vigari vya umeme vya kuchezea vinavyofuata mfereji mwembamba ulio njiani, kipimo cha 1:32 (gari halisi limegawanywa mara 32). Nilijinunulia hotirodi (mfano wa gari la zamani lililopunguzwa uzito ili likimbie) ya Ford ya 1934: nyeusi, miali ya moto ubavuni, injini iko wazi, matairi ya nyuma makubwa, pua imeinama. Hatuna gari zuri kuliko hilo. Shida ni kona. Gari la kijana, la mbio za GT, linapita mbiombio bila wasiwasi. Langu linainuka upande mmoja na kupinduka, na limeshavunja taa moja. Kwenye klabu ya jirani yenye njia ya mbao ndiyo kabisa, halimalizi hata mzunguko. Mmoja ananiambia niweke vipande vya risasi (ile metali nzito) mbele, mwingine niongeze sumaku, wa tatu ninunue matairi laini zaidi. Sitaki kuharibu sura yake. Nianzie wapi?”

Ndugu yangu, pole kwa taa, na asante kwa kueleza kwa kirefu, maana kuna neno moja katika barua yako lililonipa nusu ya jibu. Umesema linapinduka. Hukusema linateleza mkia. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja huzidisha lingine. Ushauri wa watu wote watatu ni ushauri halisi, wa kuyafaa magari fulani. Kwa lako, wa kwanza na wa tatu utalipindua mapema zaidi, na ule wa sumaku hautakusaidia hata kidogo kule klabuni.

Tuanze na sura, kwa sababu ndiyo iliyokufanya ulinunue na ndiyo inayolipindua. Mwaka 1932 Ford walitoa injini ya V8 (yenye silinda nane) kwenye gari la bei ambayo watu wa kawaida waliimudu. Miaka michache baadaye magari hayo yalikuwa mitumba, na vijana wa California wakayanunua, wakayavua mabawa ya matairi, bampa na kifuniko cha injini ili yawe mepesi, wakakata nguzo za paa kulishusha, kisha wakaenda kushindana kwenye mabonde makavu ya ziwa kama Muroc na El Mirage. Chama chao cha SCTA kiliundwa 1937, na tangu 1949 wanakimbia pia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Mabonde hayo hayana kona. Gari linatoka hapa linakwenda kule, mstari mmoja, basi. Tairi kubwa nyuma lilifaa kwa sababu kila mzunguko mmoja lilisogeza gari mbali zaidi, na tairi jembamba mbele lilifaa kwa sababu halikuwa na kazi kubwa. Ule mkao wa pua chini na mkia juu ulizaliwa hapo. Sasa wewe umeuchukua mkao uliozaliwa kwenye mstari ulionyooka, ukauweka kwenye njia yenye kona. Gari lako halina kasoro ya kiwandani kwa maelezo uliyonipa. Linafanya kile ambacho umbo lake linaliambia lifanye.

Sasa tuone linavyofanya hivyo, kwa sababu ukielewa hapa, mengine yote utayaamua mwenyewe.

Gari la mfuo lina matairi manne kwa macho tu. Uzito wake hubebwa na sehemu tatu: matairi mawili ya nyuma, na ulimi ule wa plastiki ulioingia kwenye mfuo na brashi zake mbili zinazogusa reli za umeme. Matairi ya mbele huwa yanagusa kidogo au hayagusi kabisa. Kwa hiyo gari lako kwenye kona ni bajaji: guu moja mbele katikati, mawili nyuma. Chora kwenye karatasi pembetatu yenye ncha kwenye ulimi na kitako kwenye matairi ya nyuma. Kitovu cha uzito wa gari, yaani ile sehemu ambayo uzito wote ni kama umekusanyika, kiko mahali fulani juu ya pembetatu hiyo. Gari likiingia kona, kitovu kinasukumwa kwenda nje. Kikiwa chini na pembetatu ni pana pale kilipo, gari linatulia. Kikiwa juu, au kikiwa karibu na ncha ambako pembetatu imekuwa nyembamba, linainuka.

Nikupe hesabu ya kukadiria. Tuseme upana wa matairi yako ya nyuma, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, ni milimita 56, na kitovu cha uzito kiko milimita 18 juu ya njia. Kama kitovu hicho kiko theluthi moja ya safari kutoka ekseli ya nyuma kwenda kwenye ulimi, nusu ya upana wa pembetatu hapo ni kama milimita 19. Gawanya 19 kwa 18: gari litaanza kupinduka nguvu ya kona ikifika kama mara 1.05 ya uzito wake. Sasa peleka kitovu hadi katikati ya gari. Nusu ya upana imeshuka hadi 14, na 14 kwa 18 ni 0.78. Umepoteza robo ya uwezo wa gari bila kugusa tairi. Rudisha kitovu nyuma, lakini kishushe kutoka milimita 18 hadi 15, na unapata 1.27. Milimita tatu tu!

Hapo ndipo ushauri wa risasi mbele unapokwama. Risasi juu ya ulimi ni dawa ya gari ambalo ulimi wake unaruka kutoka kwenye mfuo unapobana kidhibiti (kile kifaa cha mkononi cha kuongezea kasi) ukitoka kwenye kona. Ni tatizo la kweli, na gramu mbili tatu huliponya. Lakini kwa gari linalopinduka, kila gramu unayoweka mbele inasogeza kitovu kuelekea ncha nyembamba ya pembetatu. Hotirodi inaumia zaidi hapa, kwa sababu katika nyingi za aina hii pua ni nyembamba mno, ulimi hauna nafasi mbele ya ekseli ya mbele kama ulivyo kwenye gari la GT, unasogezwa nyuma chini ya injini. Pembetatu imeshakuwa fupi kabla hujaanza. Geuza gari lako chini juu, upime kwa rula kutoka kwenye msumari ambao ulimi unazungukia hadi ekseli ya nyuma, kisha upime la kijana. Kwa Ford ya 1934 umbali kati ya ekseli ni inchi 112, ambao kwa 1:32 ni karibu milimita 89. Ulimi ukiwa nyuma ya ekseli ya mbele, una chini ya hapo.

Ushauri wa matairi laini nao una mtego, na huu ndio ninaoona ukiwaponza wengi. Tairi lenye mshiko wa 0.9 ya uzito wa gari litaachia na kuteleza nguvu ya kona ikifika 0.9. Kama gari linapinduka kwenye 1.05, mkia utateleza kwanza, utaona, utalegeza kidole, utaendelea. Ukiweka tairi lenye mshiko wa 1.2, halitateleza tena; litashika, litashika, halafu gari zima litalala chali. Mshiko mwingi kwenye gari refu kwenda juu ni hatari. Usiongeze mshiko kabla hujashusha uzito.

Na sumaku? Njia nyingi za plastiki, iwe za Scalextric iliyoanza Uingereza mwaka 1957 au za Carrera iliyoanza huko huko uliko mwaka 1963, zina reli za chuma kinachovutwa na sumaku. Magari ya zamani hayakuwa nayo. Siku hizi sumaku ndogo chini ya chasisi inavuta gari kwenye reli na kulipa uzito wa bandia. Tatizo ni kwamba mvuto wake hupungua kwa kasi sana umbali ukiongezeka, hata milimita moja inaonekana. Gari la GT la kijana limelala chini, sumaku yake iko karibu na reli. La kwako limenyanyuliwa na yale matairi makubwa ya nyuma, na sumaku imenyanyuka nayo. Ndiyo maana magari mawili yanaweza kuwa na sumaku ileile na yakatofautiana kabisa.

Unaweza kuongeza sumaku, sikukatazi. Kwa njia ya nyumbani, na watoto wakicheza, ni suluhisho la dakika tano. Ila ujue unacholipa: mota inafanya kazi zaidi na kupata joto, mkia hautelezi tena kwa hiyo hupati onyo lolote, na sumaku ikiachia, gari linaruka likiwa na kasi kubwa kuliko zamani. Taa ya pili itakwenda hapo. Kule klabuni haitafanya chochote kabisa, kwa kuwa njia za mbao mara nyingi hubandikwa utepe wa shaba, na shaba haivutwi na sumaku. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini gari lako ni baya zaidi kule: hata kale kamvuto kadogo ulikokuwa nako nyumbani kamepotea. Kwa maoni yangu, hotirodi iliyotulizwa kwa sumaku kali imenyimwa raha yake. Gari hili linapendeza likitoa mkia kidogo kwenye kona, lile linaloganda kwenye reli linaweza kuwa gari lolote.

Sasa kazi. Nakupangia kwa mfuatano ambao ningeufuata mimi, na baada ya kila hatua endesha mizunguko kadhaa kabla ya kugusa kingine, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Anza na kinachotoka bila kuonekana. Fungua bodi utazame ndani. Mara nyingi utakuta dereva mzima wa plastiki nzito, viti, sakafu, wakati mwingine na uzito wa injini ya mapambo. Vyote hivyo viko juu. Paa la hotirodi limekatwa na madirisha ni membamba kama macho ya mtu anayekodoa jua. Hakuna mtu atakayeona miguu ya dereva. Kata dereva kifuani, ondoa sakafu nzito, weka kipande cha plastiki nyembamba kilichopakwa rangi nyeusi. Sura imebaki ileile, na uzito uliokuwa juu umetoka.

Kisha risasi, lakini mahali pake: bapa, chini kabisa kwenye sakafu ya chasisi, pande mbili za mota, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Bandika kwa utepe wa gundi wa pande mbili ili uweze kuhamisha. Anza na gramu tano, ugawe sawa kushoto na kulia, na uongeze kidogo kidogo. Kuna mahali utafika gari litaanza kuwa zito kuondoka na zito kusimama. Rudi nyuma hatua moja. Risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono, na kijana asiikate kwa meno.

Halafu matairi. Kabla ya kununua mapya, hakikisha uliyo nayo ni ya mviringo kweli. Tairi kubwa la hotirodi likiwa na kasoro ndogo, kasoro hiyo inapigapiga nyuma ya gari juu na chini kila mzunguko, na gari linaloruka-ruka hupinduka kwa kisingizio kidogo. Shika gari mbele ya macho yako, zungusha mota taratibu, uangalie ukingo wa juu wa tairi: ukiona unacheza, ndiyo hiyo. Bandika tairi kwenye rimu kwa gundi, iache ikauke vizuri, kisha weka msasa laini wa namba 400 juu ya meza, peleka umeme mdogo kama volti 5 kwenye brashi, na uguse tairi juu ya msasa kwa mkono mwepesi sana. Malizia na namba 600. Vaa miwani ya kukinga macho. Vumbi la mpira linaruka. Kazi hii ni ya matairi ya mpira au ya yurethani. Ya silikoni hayasuguliki kwa njia hiyo wala hayashikwi na gundi ya kawaida, na ingawa yanashika sana kwenye plastiki safi, kwenye mbao zenye vumbi hupotea.

Hapa nakuomba ukubali jambo moja. Endelea kusugua hadi tairi la nyuma lipungue milimita mbili za kipenyo. Gari litashuka milimita moja nyuma. Kwa gari lenye milimita 89 kati ya ekseli, huo ni mwinamo wa nyuzi 0.6 hivi, kutoka upande wa pili wa meza huwezi kuuona hata ukiambiwa. Lakini kitovu cha uzito kimeshuka, na sumaku, kama umeiacha, imekaribia reli. Usishuke zaidi ya hapo. Ukiweka tairi dogo kabisa utakuwa na gari linaloshika kona na lisilofanana na chochote.

Tairi kubwa lina athari nyingine ambayo hukuiuliza ila itakukuta. Tairi la kipenyo cha milimita 24 linasogeza gari asilimia 20 zaidi ya la milimita 20 kwa mzunguko uleule. Gia ya 3 kwa 1 inageuka kuwa kama 2.5 kwa 1: gari linakimbia sana mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, na breki inakuwa legevu unapoachia kidhibiti. Kwa hiyo unaingia konani na kasi usiyoikusudia, halafu unalaumu kona. Kama gia zako zinauzwa vipande, gia ya nyuma yenye meno mengi kidogo itarekebisha hilo, ila pima kwanza kama kuna nafasi. Isije ikagusa njia.

Matairi ya mbele usiyapuuze. Weka gari kwenye kioo kilichotengewa nafasi ya ulimi, au kwenye kipande cha njia kilichonyooka, uinamishe kichwa utazame. Ulimi uzame wote. Kama matairi ya mbele yamebeba pua na ulimi unaning'inia, yasugue kidogo. Yakiwa yanagusa kwa mbali, ndivyo yanavyotakiwa: gari likianza kulala, tairi la mbele la nje linalipokea. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake ili liteleze badala ya kung'ang'ania njia.

Skrubu za bodi zilegeze nusu duru hadi duru moja, mpaka bodi isikike ikicheza kidogo ukiitikisa. Bodi ikicheza, mtikisiko wake haufiki wote kwenye chasisi. Hakikisha tu haigusi matairi.

Mwisho kabisa, volti, na huenda ingekuwa ya kwanza. Adapta nyingi za seti za plastiki hutoa kati ya volti 12 na 15, kwa kudhania gari lina sumaku. Gari lisilo na sumaku linaendeshwa vizuri kwa volti 9 au 10. Kwa njia ya kawaida isiyo ya kidijitali (ya kidijitali ni ile inayoongoza magari kadhaa kwenye mfuo mmoja kwa vifaa vya elektroniki) unaweza kutumia adapta yenye volti za kurekebishwa, mradi ielekee chanya na hasi vilevile. Njia ya kidijitali iache kama ilivyo. Vifaa vyake vya ndani vinategemea volti yake.

Kuhusu taa, usiirudishe kwa supaglu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kromu na vioo, na huo ukungu ni vigumu kuutoa. Tumia gundi nyeupe, tone moja, ambayo huachia kabla plastiki haijavunjika. Kwa mazoezi, toa taa na mabomba ya moshi kabisa, uvirudishe siku ya kuonyesha.

Nikuambie ukweli kuhusu matarajio: baada ya haya yote gari la GT la kijana bado litalipita lako kwenye kona. Ni pana, limelala chini, na pembetatu yake ni ndefu. Litakachofanya lako ni kumaliza mizunguko bila kupinduka, na kuteleza mkia kwa namna unayoweza kuitawala. Kama mnataka kushindana kwa haki, kila mmoja apate hotirodi, au gari la kijana litolewe sumaku na kupunguziwa volti. Mtashangaa pengo linavyopungua.

Kuna mambo ambayo sitaki uyafanye kwa kusoma tu. Mota ikitoa harufu ya kuungua au ikipata joto hadi huwezi kuishika, simamisha na umpe fundi aitazame. Adapta yenyewe usiifungue kamwe, ndani yake kuna umeme wa ukutani. Ekseli ikiwa imepinda, au bushi zimelegea kwenye chasisi, msasa wote wa dunia hautanyoosha tairi. Hapo nenda klabuni uombe mtu mwenye kifaa cha kusawazishia matairi akuoneshe, wengi wanacho na hufurahi kuulizwa. Nenda na gari, na mzani mdogo wa gramu wa jikoni kama unao, na uwaambie kwanza kabisa kwamba linapinduka, halitelezi. Wakikuelewa hapo, hawatakupa risasi ya mbele tena.